Mwambie daktari na zile siku ulizokuwa juu

Kuna kisa cha ugonjwa wa baipola ambacho kwenye kliniki yetu ya afya ya akili hapa Uganda tunakiona mara kwa mara, nitakisimulia kama cha mtu mmoja ingawa nimechanganya watu kadhaa, kwa hiyo usianze kumtafuta nani. Kijana wa bodaboda anakuja amejikunja, hali chakula, halali vizuri, kazi imemshinda, anasema ni wiki tatu sasa anaona bora asingezaliwa. Anaandikiwa dawa ya dipresheni, yaani sonona, anarudi nyumbani. Siku kumi baadaye dada yake anapiga simu, jamaa hajalala siku nne, pikipiki ambayo bado anailipia mkopo ameiuza, pesa amegawa mtaa wa Kisenyi kwa watu asiowajua, na anasema rais anamsubiri amkabidhi mafuta ya Hoima. Dada anauliza, hii dawa mmempa ni ya nini? Halafu anaongeza, kama vile ni kitu kidogo tu, kwamba hata miaka miwili nyuma alishawahi kuwa hivi hivi mwezi mzima.

Hilo la miaka miwili nyuma ndilo lingebadilisha matibabu yote, na hakuna aliyelisema kwa sababu hakuna aliyeuliza.

Sasa ukifikiri vizuri ni kawaida tu. Nani ataamka asubuhi apande taksi mpaka hospitali kumwambia daktari nina raha sana, nina nguvu, nalala masaa mawili na sichoki? Mtu huja akiwa chini. Akiwa juu anajiona ndio amepona kabisa, wagonjwa ni nyinyi mnaomzuia. Ndio maana wengi wenye baipola wanakaa miaka wakitibiwa dipresheni peke yake, na dawa za dipresheni kama amitriptilini au fluoksetini zikipewa peke yake kwa mtu mwenye baipola zinaweza kumrusha juu, kama huyu wetu wa bodaboda.

Baipola ni nini hasa. Ni ugonjwa ambao hisia na nguvu za mtu zinapanda kupita kiasi kwa kipindi, halafu zinashuka kupita kiasi kwa kipindi, na katikati mara nyingi mtu yuko sawa kabisa analima, anafundisha, anahesabu pesa za sako bila kukosea. Huko juu tunakuita mania, na ili tukuite hivyo tunataka hali iendelee karibu wiki nzima au iwe kali kiasi cha kulazwa, usingizi umepungua na mtu hasikii kuuhitaji, maneno yanakimbizana, pesa zinatumika ovyo, mtu anatafuta wanawake au wanaume bila kujali, anaanzisha biashara tano siku moja, wengine wanasikia sauti. Kuna kupanda kudogo pia, siku nne au zaidi, ambako majirani wanasema tu huyu siku hizi amechangamka, na hiyo ndiyo inatuponyoka zaidi. Kushuka ni wiki mbili au zaidi za huzuni au kukosa hamu ya kila kitu. Kwa hiyo mtu kukasirika asubuhi na kucheka jioni, hiyo siyo baipola, hayo ni maisha na mara nyingine ni njaa.

Mara nyingi huanza kwenye ujana, kuanzia kama miaka 15 mpaka 25 hivi, na hutembea kwenye familia ingawa siyo lazima. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 watu milioni 40 duniani walikuwa nayo. Nataja hiyo kwa sababu hapa kwetu kila familia inadhani ni wao peke yao wamelogwa. Wengine wanasema mizimu ya ukoo imekasirika, wengine pepo, mtaani mtoto anaitwa mulalu, yaani kichaa, basi imeisha. Mimi sigombani na mtu kuhusu maombi, nenda kaombewe, lakini ukiambiwa kanisani au kwa mganga kwamba uache vidonge ndio upone, hapo toka. Na kumfunga mtu kamba au kumnyima chakula ati pepo litoke, hayo ni mateso.

Haya, unaenda wapi. Watu wengi wakisikia ugonjwa wa akili wanajua Butabika tu, na Butabika imegeuzwa tusi, mtu akikosea kidogo anaambiwa twende tukupeleke. Ile hospitali ipo tangu 1955, ni ya taifa, inasaidia sana, lakini siyo lazima uanzie huko. Hospitali za rufaa za mikoa kama Mbarara, Gulu, Arua na Mbale zina vitengo vya afya ya akili, na vituo vingine vya afya vya ngazi ya nne vina klinikofisa, yaani afisa tabibu, wa magonjwa ya akili ambaye anaweza kukuanzishia matibabu vizuri tu. Sheria ya Afya ya Akili ya 2018, iliyokuja kuondoa ile ya zamani ya 1964, inataka matibabu haya yapatikane hata kwenye vituo vya kawaida karibu na watu. Na haisemi uwe umevua nguo barabarani ndio uhudumiwe, unaweza kwenda mwenyewe kwa miguu yako.

Ukienda, usiende peke yako kama unaweza. Nenda na mtu anayekaa na wewe, mke, mume, dada, hata rafiki wa stejini, kwa sababu yeye ndiye aliyekuona ukiwa juu, wewe unakumbuka raha tu. Na hapa niseme kitu kuhusu lugha, maana wengi wanaosoma hii ni watu wa Kiswahili, ndugu kutoka Kongo walioko kwenye makazi ya wakimbizi ya Nakivale na Kyangwali, askari, wafanyabiashara wa Busia. Unafika kliniki muuguzi anaongea Luganda au Runyankore, na anayetafsiri ni mtoto wako wa miaka 12. Sasa mama atasemaje mbele ya mwanawe kwamba wakati ule alipokuwa juu alilala na wanaume watatu? Hatasema. Ataishia kusema kichwa kinauma. Omba mtu mzima atafsiri, ni haki yako na wala siyo usumbufu, na kama wafanyakazi wakinuna waache wanune.

Kabla ya siku hiyo chukua daftari la shule, la kurasa 48 linatosha. Rudi nyuma na huyo mtu wako mwandike, mwaka gani ulipanda, ulilala masaa mangapi, ulifanya nini ambacho si kawaida yako, ikachukua muda gani, halafu ulishuka lini. Andika kama kuna mtu wa ukoo aliyewahi kuwa hivyo, au aliyejiua, au aliyepona kwa dawa fulani, hiyo ya mwisho inasaidia sana maana wakati mwingine dawa iliyomfaa mama inamfaa mtoto. Andika na pombe, bangi, mairungi (miraa), usifiche, hatuiti polisi. Mtu anayetafuna mairungi siku tatu mfululizo anaweza kuonekana kama ana mania kabisa kumbe ni majani.

Watu huniuliza kipimo cha baipola ni shilingi ngapi. Hakuna. Hakuna damu, hakuna picha ya kichwa inayosema huyu ana baipola, na mtu akikuambia mashine yake inaipima shika pochi yako utoke. Damu tunachukua kutafuta vitu vingine vinavyofanana nayo, malaria iliyopanda kichwani, VVU, kaswende, tezi ya thairodi ile ya shingoni, na tunauliza kama unameza prednisoloni kwa pumu au kitu kingine, maana hiyo nayo inaweza kumpandisha mtu. Kinachotoa jibu ni hadithi yako tu, ndiyo maana nimesumbua na daftari. Na jibu laweza kubadilika, leo ukaambiwa dipresheni mwaka kesho baipola, siyo lazima daktari wa kwanza alikuwa mjinga.

Tuje kwenye dawa. Hakuna dawa ya baipola iliyo bora kwa kila mtu, kuna inayokufaa wewe kwa umri wako, jinsia yako, dawa zingine unazomeza, na kama mji wako una maabara.

Litiamu ndiyo ya zamani na mimi bado naiheshimu kuliko zote. Ni chumvi inayotoka ardhini, daktari John Cade wa Australia aliandika mwaka 1949 jinsi ilivyotuliza wagonjwa wake wa mania, na mpaka leo ni moja ya dawa chache zenye ushahidi mzuri wa kupunguza watu kujiua. Shida yake, kipimo kinachotibu na kipimo kinachodhuru vimekaribiana kama majirani wa Katwe. Inabidi upimwe damu kama wiki moja baada ya kuanza au kubadilisha dozi, masaa 12 baada ya kumeza, na tunataka iwe karibu milimoli 0.6 mpaka 1.0 kwa lita, halafu figo na thairodi ziangaliwe kila baada ya miezi kadhaa. Kama mahali ulipo hakuna wa kupima kiwango hicho, nitakutafutia nyingine, sitakuanzishia kwa kubahatisha. Mwili ukikauka maji, litiamu inapanda kwenye damu, kwa hiyo kuhara, kutapika kwa malaria, jua la Karamoja, yote hayo ni hatari. Anayefunga Ramadhani aongee na daktari wake kabla ya mwezi kuandama. Usikate chumvi ghafla kwenye chakula. Na ile diklofenaki tunayonunua dukani kila mgongo ukiuma, pamoja na ibuprofeni, zinaipandisha, tumia parasetamoli. Ukiona mikono inatetemeka sana, unahara, ulimi mzito, unayumba kama mlevi na hujanywa, usimeze dozi inayofuata, nenda kituo siku hiyo hiyo.

Valproeti inafanya kazi haraka kwenye mania na haina hiyo kazi ya kupima kila wakati, kwa hiyo inaandikwa sana. Inaandikwa sana mno, kwa maoni yangu, kwa wasichana. Ikitumika kwenye mimba, karibu mtoto 1 kati ya 10 huzaliwa na kasoro za mwili, na wengi zaidi, kama 3 mpaka 4 kati ya 10, hupata shida za ukuaji wa akili na kujifunza. Mwanamke anayeweza kupata mimba asiianze kama kuna dawa nyingine ya kumfaa. Kama tayari unaimeza na umesoma hapa ukashtuka, usiitupe leo, kuacha ghafla nako kunaleta mengine, njoo wiki hii tubadilishe taratibu, ila kama umeshashika mimba njoo kesho.

Kabamazepini iko kwenye vituo vingi na ni ya bei nafuu, lakini ni dawa inayogombana na wenzake. Inapunguza nguvu ya vidonge vya uzazi wa mpango na vile vijiti vya mkononi, nimeona mimba ambazo mama alikuwa na kijiti chake vizuri kabisa. Inashusha pia dolutegraviri, ambayo iko ndani ya ARV wanazomeza wengi nchini, kwa hiyo mtu mwenye VVU lazima aseme, hata kama anaona aibu, hata kama anachukulia dawa wilaya nyingine ili wasimjue. Ukipata upele umeianza majuzi, simamisha uje haraka. Lamotrijini nayo ina hilo la upele, inapandishwa polepole kwa wiki kadhaa, inasaidia zaidi kuzuia kushuka, kwenye mania haikusaidii.

Halafu kuna olanzapini, risperidoni, kwetiapini, na zile za zamani haloperido na klopromazini. Hizi ndizo zinazomshusha mtu haraka akiwa juu sana. Olanzapini inaleta njaa, watu wanaongezeka kilo na sukari inaweza kupanda, pima. Haloperido inaweza kukaza shingo, macho yakageukia juu, ulimi ukatoka, na familia zikiona hivyo zinasema dawa imemharibu au pepo limerudi. Ni athari inayojulikana, kuna dawa ya kuiondoa na inafanya kazi haraka, mrudisheni tu kituoni.

Sehemu ngumu huja mtu akishapona. Miezi sita yuko vizuri, anasema mimi sasa nameza ya nini, anaacha, na ugonjwa hauchelewi kurudi. Wengi wanahitaji dawa miaka mingi, sitakudanganya. Lakini wengi wanaoacha hata sio kwa ubishi, dawa iliisha kituoni, kwangu hiyo ndiyo hadithi ninayoisikia zaidi. Kwenye vituo vya serikali ni bure zikiwepo. Kwa hiyo usingoje kidonge cha mwisho, rudi zikibaki za wiki moja, na ukiambiwa hazipo omba uandikiwe jina na miligramu ukanunue famasi, usikubali mwenye duka akubadilishie kwa kitu anachosema ni kile kile.

Mtu akianza kusema anataka kufa, asiachwe peke yake, sumu za shamba na za panya zitoke ndani ya nyumba, na mwende kituo chochote kilicho karibu usiku huo huo, rufaa watapanga wao.

Na kabla hujatumia nauli, piga simu au tuma mtu aulize pale getini kliniki ya akili ni siku gani, maana sehemu nyingi ni siku moja au mbili kwa wiki, na nimeona watu wametoka mbali na daftari lao mkononi siku ambayo hakuna mtu.