Jino Bovu na Saratani ya Kinywa

Kuna wanaosema kwamba saratani ya kinywa huletwa na jino bovu lililoachwa bila kung'olewa. Sivyo. Ni kweli kwamba baadhi ya bakteria wa ufizi, kama Fusobacterium nucleatum, hupatikana kwa wingi zaidi katika uvimbe wa saratani hiyo, lakini kuonekana kwao hapo hakuthibitishi kwamba ndio walioianzisha. Huenda wamefuata tu nyama iliyokwisha kuharibika. Kilichothibitika ni tumbaku, pombe na, ingawa watafunaji hawapendi kulisikia, popoo, ile kokwa inayotafunwa ndani ya jani la tambuu, ambayo wataalamu wa Shirika la Afya Duniani waliitambua mwaka 2003 kuwa husababisha saratani, hata tambuu isipotiwa tumbaku. Kidonda mara nyingi hutokea pale pale shavuni mtu anapozoea kuibana tambuu yake, na kisipopona kwa wiki 3 kionwe na daktari.