Jamani, root si ringi 0

Kauli hii imerudi tena hapa Mwanza, na safari hii inatoka kwa watu wanaofundisha wenzao: ukiingia kama root (msimamizi mwenye ruhusa zote kwenye Linux), programu yako iko ringi 0, ngazi ya prosesa yenye mamlaka yote, ambamo hukaa kerneli, yaani kiini cha mfumo. Haiko. Root ni namba 0 kwenye kumbukumbu za kerneli, na prosesa haina habari nayo. Tiketi ya daraja la kwanza kwenye meli ya Bukoba inakupa kitanda, haikupi usukani.

Hakikisheni wenyewe. Andika programu ya C yenye mstari mmoja ndani ya main, `asm("hlt");`, ipitishe gcc, iendeshe kwa sudo. Inakufa hapohapo: Segmentation fault. Prosesa imeikataa amri kwa hitilafu namba 13 bila kujali uid yako (namba ya mtumiaji). Kisha fungua programu yoyote ya biti 64 kwa `sudo gdb`, chombo cha kuchunguza programu, andika `starti`, halafu `p/x $cs` uisome CS, rejista ya segimenti ya kodi. Kwenye Linux ya biti 64 utaona 0x33. Biti mbili za mwisho ni 11, yaani ringi 3, ya programu za kawaida. Kerneli hutumia 0x10, inayoishia na 00. Ringi inasomwa hapo.

Lingekuwa kosa la maneno tu kama lisingeingia kwenye kodi. Kerneli ina maswali matatu yanayofanana kwa sura: huyu ana ruhusa, tumekatizwa tukitokea wapi (kwa mtumiaji au kwenye kerneli), na GS iliyopo sasa, rejista inayoelekeza data zilipo, ni ya nani? La kwanza ni kazi ya `capable()`, basi.

La pili ni `user_mode(regs)`, inayosoma fremu ya rejista zilizohifadhiwa wakati wa kukatizwa. Kwenye biti 32 zamani ilitazama CS peke yake. Lakini katika hali ya VM86, ile ya kuendesha programu za DOS, CS ni segimenti tu: 0xF000 inaishia na 00, na mtumiaji anaonekana kerneli. Lazima utazame pia biti ya 17 ya EFLAGS (rejista ya bendera), inayoonyesha VM86. Toleo la 4.1 la Linux, mwaka 2015, liliunganisha ukaguzi huo ndani ya `user_mode`, na `user_mode_vm` iliyokuwa ikiufanya ikafutwa. Ulinganisho wake kwenye biti 32 ni `>= 3`. Msiugeuze kuwa `!= 0` kwa ajili ya urembo: kerneli ya biti 32 chini ya Xen, mfumo wa kuendesha mashine pepe, ilikaa ringi 1.

La tatu ndilo linaloniudhi likipuuzwa. Amri ya `syscall`, ambayo programu huitumia kuiita kerneli, hubadilisha CS papo hapo lakini haigusi GS. `Swapgs`, amri ya kuibadilisha GS, inafuata baadaye. NMI (ukatizaji usiozuilika) ikiingia katikati, CS iliyohifadhiwa inasema kerneli huku GS bado ni ya mtumiaji. Kwa hiyo CS ikisema mtumiaji, iamini. Ikisema kerneli, GS bado hujaijua. Ukikisia vibaya, kerneli inasoma data zake kwenye anwani aliyoichagua mtumiaji. `paranoid_entry`, kodi ya kuingilia kerneli kwa tahadhari, ilikuwa ikisoma MSR 0xC0000101, rejista maalumu yenye anwani ya GS: anwani hasi ni ya kerneli. FSGSBASE, amri za kuiandika anwani ya GS moja kwa moja, ilipowashwa kwenye Linux 5.9, mtumiaji akaweza kujiwekea GS hasi, kipimo kikafa. Penye FSGSBASE, thamani iliyokuwepo huhifadhiwa, ya kerneli ikawekwa, kisha ile ya awali ikarudishwa.

Jina `user_mode` lenyewe nina mashaka nalo. Linamfanya msomaji amfikirie mtu, wakati kinachoulizwa ni fremu ya rejista. Ila kulibadilisha kerneli nzima kutavuruga `git blame` (rekodi ya nani aliandika mstari upi) kila mahali, na sijashawishika kwamba faida inatosha.

Mkisafisha, tafuteni kila `cs & 3` kwa grep, mwandike kando yake ni swali lipi kati ya matatu. Za swali la pili tu ndizo ziende `user_mode`.