Jalada la kesi ya ajali: namna ya kulipata katika mahakama za Marekani

Mtu anayetafuta kesi ya madai ya majeraha huanza, karibu kila mara, kwa kuandika jina la mhusika kwenye intaneti. Kinachomjia ni matangazo ya mawakili, kurasa zinazouza taarifa za watu, na pengine habari moja ya gazeti iliyoandikwa siku kesi ilipofunguliwa na haikufuatiliwa tena. Anakata tamaa, anaamini kesi haipo au imefichwa. Mara nyingi haijafichwa. Jalada limekaa masjala ya mahakama, na anaruhusiwa kulisoma hata kama hana uhusiano wowote na kesi hiyo. Mwaka 1978 Mahakama ya Juu ya Marekani, katika shauri la Nixon dhidi ya Warner Communications, ilitambua haki ya jumla ya umma kukagua na kunakili kumbukumbu za mahakama. Haki hiyo ina mipaka, ila mipaka ndiyo inayohitaji sababu, si ombi lako.

Sisi tunaohudumia wananchi kwenye maktaba ya sheria tunarudia jambo moja kila siku: jina liweke pembeni kwanza, tafuta mahakama.

Marekani haina masjala moja ya taifa yenye kesi zote. Kuna mahakama za shirikisho, na kuna mahakama za majimbo 50, kila jimbo na utaratibu wake, na majalada hutunzwa zaidi na karani wa mahakama katika kila kaunti. Kesi nyingi za majeraha, za magari kugongana, mtu kuteleza dukani, mbwa kumng'ata mpita njia, daktari kukosea upasuaji, ziko kwenye mahakama za majimbo. Kwa kawaida hufunguliwa katika kaunti ilikotokea ajali au anakoishi mdaiwa. Kwa hiyo swali la kwanza ni kaunti, na jina la mji pekee halitoshi: jiji la New York peke yake limo ndani ya kaunti tano.

Majina ya mahakama nayo hupoteza watu. Mahakama inayosikiliza kesi kubwa za madai kwa mara ya kwanza jimboni New York inaitwa Supreme Court, jina ambalo kwingine ni la mahakama ya mwisho kabisa. Ya juu kuliko zote jimboni humo ni Court of Appeals. California mahakama ya mwanzo ni Superior Court. Nimeona watu wakizunguka kwenye tovuti ya mahakama ya rufaa wakitafuta kesi ambayo haijawahi kukatiwa rufaa. Huko hawataikuta.

Ukishajua kaunti, tumia tarehe ya ajali. Kila jimbo lina ukomo wa muda wa kufungua kesi: Tennessee mwaka 1, California miaka 2, New York miaka 3 kwa kesi za kawaida za majeraha, ingawa uzembe wa tiba na madai dhidi ya serikali huwa na muda wake. Watu wengi hungoja mazungumzo na kampuni ya bima yashindikane ndipo wafungue kesi, kwa hiyo usitafute mwezi wa ajali pekee. Anzia hapo, songa mbele hadi ukomo unapofika. Na kama ajali ilitokea kazini, huenda hakuna kesi mahakamani hata kidogo. Fidia ya mfanyakazi dhidi ya mwajiri wake hushughulikiwa zaidi na vyombo vya utawala vya jimbo, na majalada yake hayafunguliwi kwa umma kwa urahisi uleule.

Sasa ndiyo unaleta jina, na ulilete kama lilivyoandikwa kwenye hati. Duka linalojulikana mtaani kwa jina fupi hushtakiwa kwa jina la kampuni iliyosajiliwa. Aliyefariki husimamiwa na msimamizi wa mirathi, na kesi huweza kuorodheshwa kwa jina la msimamizi. Mtoto, katika mahakama za shirikisho, huandikwa kwa herufi za mwanzo za majina yake tu.

Majimbo hayalingani katika kinachoonekana mtandaoni. Maryland ina Case Search, inayokuonyesha bure kwamba kesi ipo na hatua zilizochukuliwa, lakini hati zenyewe utaziomba mahakamani. New York ina NYSCEF, ambako hati nyingi za kesi zilizofunguliwa kielektroniki husomeka palepale. Texas ina re:SearchTX, tovuti yake ya kutafutia kesi. Mahakama ya Los Angeles hutoza ada ukitafuta kwa jina, ila ukiwa na namba ya kesi unaweza kuona maelezo ya msingi bila kulipa, kwa hiyo namba hiyo ni mali. Ukiipata popote, kwenye barua ya wakili au habari ya gazeti, iandike.

Kesi huingia mahakama ya shirikisho kwa njia mbili kuu. Ama pande zinatoka majimbo tofauti na madai yanazidi dola 75,000, ama anayeshtakiwa ni serikali ya shirikisho yenyewe, chini ya sheria ya mwaka 1946 iitwayo Federal Tort Claims Act. Mahakama za wilaya za shirikisho ziko 94, na zote zinasomeka kupitia mfumo mmoja, PACER. Gharama yake ni senti 10 kwa ukurasa, hati moja kwa kawaida haizidi dola 3, na ukitumia dola 30 au chini ya hapo ndani ya robo mwaka hudaiwi chochote. Maamuzi ya majaji yenye maelezo ya sababu husomwa bila malipo. Kabla ya kulipa, angalia CourtListener, hifadhi ya Free Law Project, maana hati ambayo mtu mwingine alishainunua huenda tayari imewekwa pale bure. PACER pia hukuwezesha kutafuta kwa aina ya kesi: 350 ni ajali za magari, 362 uzembe wa tiba, 365 madhara ya bidhaa, 360 majeraha mengineyo. Anayetafiti bidhaa fulani hutumia namba hizi kuliko jina la mtu yeyote.

Tuseme umeipata. Acha nikuonyeshe ukurasa unavyokuwa, kwa mfano wa kubuni. Mama mmoja ameteleza kwenye sakafu yenye maji ndani ya duka kubwa, amevunjika nyonga, amefungua kesi kwenye kaunti yake. Kampuni ya duka, ambayo ni ya jimbo jingine, inaihamishia mahakama ya shirikisho. Anayefuatilia upande wa kaunti anaona kesi imefungwa, anadhani mama ameshindwa. Kumbe imehama tu. Kule ilikohamia, orodha ya mwenendo wa kesi inaanza na ingizo namba 1, Notice of Removal, yaani taarifa ya kuhamisha kesi, na hati ya madai ya yule mama imejificha ndani yake kama kiambatisho. Wengi huliruka ingizo hili wakitafuta neno Complaint, yaani hati ya madai, wasilione.

Namba 5 ni utetezi wa kampuni. Namba 12 ni ratiba ya jaji. Kisha ukimya wa miezi minane. Si kwamba hakuna kinachofanyika. Pande zinabadilishana ushahidi, zinahoji mashahidi kwa kiapo, zinadaiana kumbukumbu za hospitali, na kanuni za mahakama hizo zinasema mambo hayo hayawekwi kwenye jalada mpaka yatumike mbele ya jaji. Halafu inakuja namba 31, Motion for Summary Judgment, kampuni ikiomba ishinde bila kesi kusikilizwa. Hapa ndipo pa kutulia. Viambatisho vyake ndivyo vyenye picha za sakafu, kumbukumbu za usafi, maelezo ya mfanyakazi aliyeona maji na saa aliyoyaona. Kama una pesa ya kununua hati moja tu, nunua hii pamoja na majibu ya mama. Namba 38 ni uamuzi wa jaji kukataa ombi, kurasa kumi na kitu zilizoeleza mkasa wote kwa lugha inayosomeka. Na namba 44, nusu ukurasa: pande zimekubaliana kesi iondolewe, isiweze kufunguliwa tena.

Alilipwa kiasi gani? Jalada halisemi. Kesi nyingi za majeraha huishia kwenye suluhu nje ya mahakama, na kiasi hubaki baina ya pande mbili. Hata mwanzoni huenda hukuiona namba: California na New York haziruhusu hati ya madai ya majeraha kutaja kiwango kinachodaiwa. Anayekuambia kwa uhakika kesi fulani iliyoisha kwa suluhu ya siri ilikuwa na thamani ya kiasi gani, muulize ameipata wapi.

Ipo milango miwili ambako kiasi huonekana. Makubaliano yanayomhusu mtoto, katika majimbo mengi, lazima yaidhinishwe na jaji, na ombi la idhini hutaja fedha, ada ya wakili na kitakachohifadhiwa mpaka mtoto akue, isipokuwa jaji ameamuru yafungwe. Mlango wa pili ni fedha za umma. Jiji au kaunti ikimlipa mtu aliyejeruhiwa, malipo hayo kwa kawaida yanaweza kuombwa kwa sheria ya taarifa za umma ya jimbo husika, nje ya mahakama kabisa.

Ninalo ombi kwa kila anayesoma majalada haya. Hati ya madai ni maneno ya upande mmoja. Daktari aliyetajwa humo kuwa mzembe hajathibitishwa kuwa mzembe, na kesi iliyoondolewa haithibitishi kwamba mgonjwa alisema uongo. Soma utetezi, soma uamuzi, ndipo useme. Na kumbuka kuna mwili wa mtu ndani ya zile kurasa: upasuaji wake, dawa zake, mwezi alioshindwa kusimama. Kanuni ya 5.2 ya mahakama za shirikisho inataka tarehe ya kuzaliwa ibaki mwaka tu, na namba ya hifadhi ya jamii ibaki tarakimu nne za mwisho, lakini jukumu la kuficha ni la anayewasilisha hati, si la karani. Kama kesi ni yako, mwulize wakili wako kabla hati haijaingia. Ikishaingia, nakala yake huenda tayari iko kwa mtu mwingine.

Kesi nyingi za zamani haziko mtandaoni. Hapo unakwenda masjala au unapiga simu, ukiwa na majina ya pande zote mbili na mwaka wa kukadiria. Karani atakutafutia namba, wakati mwingine kwa ada ya utafutaji. Ofisi nyingi zina kompyuta za umma ambako kusoma ni bure na unalipia kuchapisha tu. Karani akikujibu kwamba jalada la mahakama ya shirikisho limeshapelekwa hifadhini, usiishie kushukuru. Mwombe vitu vitatu: namba ya uhamisho, namba ya sanduku na namba ya mahali lilipowekwa. Ni hivyo vitatu ambavyo kituo cha kumbukumbu cha Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa kitakuuliza kabla ya kulitoa sanduku rafuni.