Maumivu yakiisha sio kwamba goti limepona

Kuna hiki kitu watu wanapenda kusema, eti ukifanyiwa opresheni ya goti ukiona husikii maumivu basi umepona, rudi barabarani. Hapana jamani. Mi nafanya traiathloni kwa kujifurahisha tu (kuogelea, baiskeli, halafu mbio) na niliwekewa ACL mpya, ile kano ya katikati ya goti, wiki ya 8 natembea freshi kabisa nikataka kukimbia, fizio (mtaalamu wa mazoezi ya tiba) akanikatalia katakata. Iko hivi: kano mpya mara nyingi wanaichukua kwako mwenyewe, mfano nyuma ya paja, na ikishawekwa inapoteza nguvu kwanza wakati mwili unaijengea mishipa ya damu, yaani kati ya wiki ya 6 na 12 hivi ndo iko dhaifu zaidi, na hapo hapo ndo maumivu yamekata! Baiskeli ya ndani nilianza mapema, bwawa nikasubiri kidonda kifunge, ila mtindo wa chura bado sana, lile teke linasokota goti. Mbio labda mwezi wa 3 au 4 baada ya opresheni, na sio kalenda tu, paja linapimwa nguvu kwanza.