Masale ya katikati ya kihamba

Nikiitwa kupima kihamba, yaani shamba la ukoo lenye makazi, huku Uchagani kwenye Mlima Kilimanjaro, kabla sijatoa kifaa changu namwomba mzee wa nyumba anizungushe. Mimi ni mpimaji wa ardhi, mzaliwa wa Kibosho, na nimejifunza kutazama kwanza masale. Ule mmea wa majani marefu ndio alama yetu ya mpaka, na ndio huohuo unaopandwa makaburini na kupelekwa kuombea msamaha. Hakuna anayeung'oa ovyo.

Sasa, ukikuta mstari wa masale umekatiza katikati ya migomba, ujue hapo ndugu waligawana. Masale ya pembeni kabisa ni ya babu wa babu, ya ndani ni ya watoto wake. Ninapoyachora kwenye ramani, ukoo wenyewe unatokea: nani alipewa wapi, na baada ya nani.

Kwa desturi, kifungua mimba alipewa kihamba chake mapema, na kitinda mimba akabaki na nyumba ya wazazi, akawatunza. Wa katikati waliomba ardhi mpya kwa mangi, yaani mtawala wa jadi. Mlima ulipojaa, wakashuka tambarare au wakaenda mjini. Ndiyo maana nikisikiliza historia ya familia huuliza zaidi habari za hao wa katikati. Mara nyingi majina yao yanakaribia kusahaulika.

Mibuni nayo inasema. Kahawa ililetwa na wamisionari mwishoni mwa karne ya 19, wakulima wakaanzisha chama chao mwaka 1925, kisha KNCU, chama kikuu cha ushirika cha Kilimanjaro, ikaja mwaka 1933. Mbuni ukizeeka hukatwa, machipukizi yakaota upya kisikini. Kwetu kuna visiki vinene kama paja la mtu mzima, vimebeba matawi ya juzi. Babu alivipanda, baba akavikata, mimi ndiye ninayevuna. Pembeni kuna chotara za TaCRI, taasisi ya utafiti wa kahawa, zinazohimili magonjwa ya chulebuni na kutu ya majani, lakini sijapata moyo wa kung'oa vile visiki.

Kinachoniumiza ni udogo. Babu alikuwa na ekari mbili na nusu, wanawe watatu wakagawana, na sisi kwa baba tuko watano. Ng'ombe wa zizini, migomba, kahawa na makaburi, vyote vinabanana hapo.

Na mabinti je? Vikao vingi bado vinawaruka, ingawa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inabatilisha mila inayomnyima mwanamke ardhi. Nimeisoma sheria hiyo kwa sauti vikaoni zaidi ya mara moja, wazee wakainamisha vichwa.

Nyumbani tulikaa, tukakubaliana dada apate kipande cha juu, karibu na mfongo, mfereji wetu wa maji. Nilipima pembe nne, naye akapanda masale kwa mkono wake. Masika ilipofika, yakashika yote.