Biodizeli: kabla ya kujaza tangi, uliza imetoka kwenye mafuta gani

Kwenye maonyesho ya Paris ya mwaka 1900, injini ya dizeli iliendeshwa kwa mafuta ya karanga, na ikafanya kazi. Kwa hiyo anayekwambia lori linaweza kutembea kwa alizeti hakudanganyi. Ila asikushauri umimine dumu la mafuta ya kupikia moja kwa moja kwenye tangi. Ni mazito mno kwa nozeli za injini za leo. Yataungua nusunusu na kuacha masizi, na fundi utamlipa wewe.

Biodizeli ni mafuta hayohayo yakishapunguzwa uzito. Lita 100 zilizochujwa na kukaushwa maji huchanganywa na takribani lita 20 za methanoli pamoja na kostiki soda kidogo, kisha hupashwa moto hadi nyuzi 60 hivi huku zikikorogwa kwa kama saa moja. Mchanganyiko ukitulia, gliserini ya kahawia huzama chini, na juu hubaki biodizeli nyepesi ya rangi ya dhahabu. Hiyo huoshwa kwa maji na kukaushwa tena. Kwa maelezo inaonekana kazi ndogo, na ndiyo maana tunawasihi wananchi wasiijaribu nyumbani: methanoli hupofusha na kuua, na moto wake mchana karibu hauonekani.

Faida zake ni za kweli. Karibu haina salfa kabisa, inalainisha pampu, na ikitumika bila kuchanganywa na dizeli hupunguza masizi ya moshi kwa karibu nusu. Mvuke wake hauwaki mpaka mafuta yapite nyuzi 100, wakati dizeli ya kawaida huanza kwenye 55 au 60. Kwa mwenye mapipa ya jenereta karibu na nyumba, hilo si jambo dogo.

Hasara nazo zipo. Lita moja ina nguvu pungufu kwa asilimia 8 hadi 10, na gesi za naitrojeni kwenye moshi huweza kuongezeka kidogo. Iliyotokana na mawese huanza kuganda kwenye nyuzi 15 hivi, kwa hiyo mwenye gari Njombe au Makete mwezi wa Julai asishangae likigoma alfajiri. Ikikaa miezi mingi huchacha, na ikipata maji huota ukungu.

Lakini kwa Tanzania hasara kubwa iko shambani. Miaka ya 2000 tuliambiwa mbono kaburi (jatropha), mmea ambao mbegu zake hukamuliwa mafuta, utatutoa: unastahimili ukame, hauliwi, hauwezi kushindana na chakula. Kisarawe, mwekezaji kutoka Uingereza alipewa zaidi ya hekta 8,000 za ardhi iliyokuwa ya vijiji. Mwaka 2011 mradi ulikuwa umekwama. Kilwa nako mradi kama huo ulianguka. Mbono hustahimili ukame, ndiyo, lakini kwenye ukame hauzai cha maana. Tunda moja likiiva, jirani yake kwenye kishada kilekile bado ni bichi, kwa hiyo unachuma kwa mkono na kurudia. Mashudu yake ni sumu, tofauti na ya alizeti ambayo mfugaji huyanunua. Na ardhi bado ni ardhi, hata kama zao haliliwi.

Alizeti na mawese tungeweza kuvitumia, lakini nchi inayoagiza mafuta ya kula kutoka nje itachomaje mafuta ya sufuria zake barabarani? Kwa maoni yangu malighafi ya kuanza nayo ni mafuta yaliyokwisha kukaangia hotelini na kwenye vibanda vya chipsi. Mengi huishia mitaroni, au hurudiwa kukaangia hadi yawe meusi. Hayahitaji shamba wala mbolea. Yanahitaji mtu wa kuyakusanya na mtambo wa kuyachuja, maana yana maji na makombo.

Ukipata biodizeli iliyopimwa ubora, anza na mchanganyiko wenye asilimia 5 ya biodizeli ndani ya dizeli ya kawaida, au 20 kama mtengenezaji wa injini yako anaruhusu. Biodizeli husafisha uchafu wa miaka mingi ndani ya tangi na kuupeleka kwenye filta, kwa hiyo weka filta ya akiba garini. Kama gari ni la zamani, kagua na mipira ya mafuta: ile ya kizamani huvimba, kisha huvuja.