Blowa ya gari haipulizi? Pima upepo kwanza, gesi baadaye

Wateja wengi huniletea gari wakisema AC imekufa, na wengi wao huwa wameshajaziwa gesi kabla ya kufika kwangu. Mimi huanza kwa kuwauliza: upepo unatoka au hautoki? Gesi na kompresa kazi yake ni kuipoza evapareta, ile radieta ndogo iliyojificha ndani ya dashibodi. Blowa, yaani feni iliyo ndani ya dashibodi, ndiyo inayousukuma ubaridi huo hadi usoni kwako. Blowa ikifa, hata ukijaziwa gesi upya hutapata baridi. Tena katika magari mengi kompresa haiingii kazini kabisa swichi ya blowa ikiwa sifuri, kwa sababu bila upepo evapareta ingeganda barafu. Mtu asiyejua hilo anaona kompresa haizunguki, anasema gesi imeisha, na mwenye gari analipa. Jambo hili linaniuma, ndiyo maana naandika.

Nitazungumzia magari tunayoendesha wengi hapa Dar: Vitz, IST, Probox, Corolla, ya mtumba kutoka Japani. Blowa zake ziko upande wa abiria, nyuma na chini ya droo ya dashibodi. Ukiinama pale kwenye miguu ya abiria utaona kitu cha duara cheusi chenye soketi ya umeme. Rezista, kifaa kinachopunguza umeme unaokwenda kwenye mota ya blowa, iko jirani yake, imechomekwa kwenye njia ya hewa.

Tatizo linalonijia sana ni la blowa inayopuliza namba 4 tu, huku namba 1, 2 na 3 zikiwa kimya. Ukiniambia hivyo kwa simu, sihitaji hata kuliona gari ili nikuambie mshukiwa wa kwanza ni nani. Kwenye gari la swichi ya kuzungusha, umeme wa namba za chini unapita kwenye koili za rezista zilizopangwa mfululizo. Namba 1 inapita koili zote, kwa hiyo mota inapata umeme kidogo na kuzunguka taratibu. Namba 4 haipiti kwenye rezista kabisa, inakwenda moja kwa moja. Juu ya rezista hiyo kuna fyuzi ndogo ya joto. Rezista ikichemka kupita kiasi, fyuzi hiyo inakatika, na namba zote za chini zinakufa pamoja. Ikiwa ni namba moja tu iliyokufa katikati na nyingine zinafanya kazi, hapo tazama swichi yenyewe au waya na pini ya namba hiyo.

Wengi wanaishia hapo: wanakwenda Ilala au Gerezani, wananunua rezista, wanafunga, wanaondoka. Baada ya muda mfupi imeungua tena, na lawama zinakwenda kwa muuza spea. Rezista haiungui bure. Imewekwa kwenye njia ya upepo kwa makusudi, ili upepo uleule wa blowa uipoze. Filta ya AC ikijaa vumbi, upepo unapungua na rezista inakosa cha kuipoza. Wengi hudhani filta iliyoziba inailazimisha mota kuvuta umeme mwingi zaidi. Sivyo. Feni ya aina hii ikizibiwa hewa, kazi yake inapungua na umeme inaovuta unashuka. Kinachoiua rezista hapo ni joto lililokosa pa kwenda. Anayevuta umeme mwingi ni mota ambayo bushi zake (pete zinazoshika mhimili wake) zimekauka au zimeliwa. Kwa hiyo kabla sijafunga rezista mpya, natoa filta niione kwa macho, nachomoa blowa, nazungusha feni kwa kidole. Inatakiwa izunguke laini na iendelee kidogo baada ya kuiachia. Ikisimama papo hapo, au ikikwaruza, rezista mpya ni pesa ya kutupa. Mota ndiyo ya kubadilisha.

Kinyume chake pia kipo: namba 1 hadi 3 zinafanya kazi lakini namba 4 imekufa. Hapo rezista usiiguse. Tafuta njia ya umeme mkubwa, yaani swichi, rilei (swichi inayowashwa na umeme) ikiwepo, na hasa pini za soketi. Blowa ya gari dogo ikiwa namba 4 inaweza kuvuta ampea 15 au zaidi. Pini ikilegea na kupata kutu hadi ikawa na ukinzani wa omu 0.1 tu, kwa ampea 15 unapoteza volti 1.5, na pini hiyo inatoa joto la wati 22 hivi. Hilo ni joto la kifaa kidogo cha kuchomea risasi, limekaa ndani ya plastiki nyuma ya dashibodi yako. Ndiyo maana soketi inageuka rangi ya kahawia, inayeyuka, na harufu inaingia ndani ya gari. Soketi ya namna hiyo inakatwa na kufungwa nyingine yenye waya wa unene uleule. Kuibana kwa koleo na kuirudisha ni kuahirisha tatizo.

Sasa blowa iliyokufa namba zote. Anza na fyuzi, mara nyingi imeandikwa HTR au HEATER, ya ampea 30 au 40. Ikiwa imekatika, weka nyingine ya kiwango kilekile mara moja tu. Ikikatika tena kuna shoti, au mota imekwama. Tafadhali usizungushie waya mahali pa fyuzi. Nimefungua dashibodi ambazo waya wa blowa ulikuwa umeungua pamoja na zile za jirani yake kwa sababu ya kipande cha waya kilichowekwa "kwa muda".

Fyuzi ikiwa nzima, washa swichi namba 4 na gonga taratibu nyumba ya mota kwa mpini wa bisibisi. Ikishtuka na kuzunguka, kaboni zake, zile zinazopeleka umeme kwenye sehemu ya mota inayozunguka, zimeisha. Itakufikisha nyumbani, lakini itakuacha tena.

Isiposhtuka, chukua multimita, yaani kipimo cha umeme. Na hapa ndipo mafundi wengi hupotea. Katika Toyota nyingi za swichi ya kuzungusha, moto, yaani umeme wa betri, unafika kwenye mota kupitia rilei, na swichi inafanya kazi upande wa ethi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye bodi. Ukipima waya wa kwanza kwa bodi unaona volti 12. Ukipima wa pili unaona 12 pia. Fundi anasema moto upo, mota imekufa. Lakini volti 12 pande zote mbili maana yake umeme umepita ndani ya mota na kukosa pa kutokea: ethi imekatika mbele yake, kwenye swichi, kwenye soketi au kwenye waya unaokwenda bodi. Mota hiyo ni nzima. Pima kati ya nyaya mbili za mota, soketi ikiwa imechomekwa na swichi ikiwa namba 4. Ukipata volti 12 au zaidi kati yao na mota imetulia, hapo ndipo uihukumu.

Gari lenye AC ya kujiendesha yenyewe, ile ya kuchagua nyuzi joto, halina rezista hii. Lina moduli ya kielektroniki, na nyingine imejengewa ndani ya mota. Usipeleke moto wa betri kwenye waya wake mwembamba wa ishara. Utaiua moduli nzima.

Upepo dhaifu huku mota ikisikika inakimbia, tazama filta. Kuna wanaoitupa filta ili upepo uwe mkali. Unakuwa mkali kweli, kisha vumbi linaganda kwenye evapareta yenye unyevu, na kuisafisha vizuri mara nyingi kunahitaji kushusha dashibodi. Sauti ya kugongagonga mara nyingi ni majani ya mwarobaini au kiota cha panya.

Kwa ndugu zangu wa Njombe na Makete, kwenu shida huwa hita: upepo unatoka vizuri lakini hauna joto, na kioo kinajaa ukungu asubuhi. Blowa haina kosa. Shika kwa uangalifu mipira miwili ya hita inayoingia ndani kutoka kwenye injini, gari likiwa limeshapata moto. Mmoja ukiwa wa moto na mwingine baridi, mara nyingi radieta ya hita imeziba. Yote ikiwa vuguvugu, hakikisha maji ya injini hayajapungua, kisha uliza kama themostati, vali inayozuia maji kwenda radieta hadi injini ipate joto, ilitolewa. Mafundi wengi huitoa wakidhani wanazuia injini kuchemka, kumbe injini haifikii tena joto lake, inakunywa mafuta zaidi, na hita haipati kitu. Rudisha themostati inayofunguka kwenye nyuzi 82 hivi, jaza kulanti (kimiminika maalumu cha kupozea injini) badala ya maji ya bomba, kisha shika ile mipira tena.